Chupa Tatu za Pampu ya Mgodi

Miaka ya themanini nilikuwa fundi umeme kwenye mgodi wa bati upande wa Kyerwa, ambao wakati huo ulikuwa bado sehemu ya Karagwe. Kazi yangu kubwa ilikuwa pampu iliyotoa maji shimoni. Mota yake iliwashwa na kontakta, yaani swichi kubwa ya volti nyingi, yenye pointi zinazogusana na kuachana ndani ya chupa tatu za kauri. Chupa hizo zilitolewa hewa na kuzibwa kiwandani, na hazifunguliwi. Hewa ikiingia, siku ya kuzima mota kontakta inaweza kulipuka.

Masika moja siku ya kupima kama chupa bado ni nzima ilifika mvua ikiwa haijakatika wiki nzima. Tulisimamisha pampu asubuhi. Nilikata umeme, nikafunga swichi kuu kwa kufuli, ufunguo nikautia mfukoni. Kwa fimbo ya kupimia nikahakikisha kwamba nyaya hazina umeme, kisha nikaziunga na waya wa ardhini, tukaichomoa kontakta ili tuipime. Mwenzangu, fundi mitambo mwenye asili ya Burundi na mdomo usiotulia, alinicheka.

"Mwalimu, hata maiti hapimwi hivyo!"

Aliniita mwalimu kwa sababu nilifundisha kipaimara.

"Maiti hawezi kuniua," nikamjibu.

Tulizungusha kamba na kila mtu akakaa mbali, maana volti za kupimia zinaweza kutoa miale kama ile ya kupiga picha hospitalini. Pointi zikiwa zimeachana, nikapandisha volti polepole; chupa nzima haipitishi umeme. Chupa ya kwanza ikashindwa. Ya pili nayo. Ya tatu nayo.

Meneja akaja na koti lake la mvua. "Zimekufa?"

"Zimeshindwa kipimo, bwana."

"Nyingine zinatoka ng'ambo, miezi! Shimo linajaa. Zirudishe hizo hizo, uwashe."

Vibarua walikuwa wamejibanza barazani, wengi wao wa vijiji vya Kimuli na Bugomora. Shimo likijaa maji, wasingekuwa na kazi hadi kiangazi. Nililijua hilo kama alivyolijua yeye.

"Siwashi, bwana. Nipe saa mbili."

"Saa mbili za kufanya nini? Kusali?"

"Na kusali pia."

Nilisali kweli, maneno machache, nikiomba macho ya kuona. Ndipo nikajiuliza: chupa tatu zitakufaje zote siku moja? Nikapitisha kidole juu ya kauri. Kikatoka cheusi. Masizi!

Tena nilijua yalikotoka. Mvua ilipozidi, mimi mwenyewe niliwaruhusu vibarua waingie chumba cha swichi na jiko lao la mkaa, wachome ndizi wapate joto. Nilihesabu kuwa ni upendo wa Kikristo. Masizi yakishika unyevu, umeme hupita juu ya chupa hata kama ndani ni nzima.

"Kosa ni langu," nikamwambia meneja, mbele ya watu wote.

Nikazifuta kwa kitambaa safi chenye spiriti, kisha kwa kikavu, nikakaa.

"Tunangoja nini tena?" mwenzangu akauliza. "Zinang'aa kama sahani za harusi."

"Zikauke."

"Mwalimu, wewe utachelewa hata mbinguni!"

Saa mbili zilipokaribia kwisha, nikapandisha volti tena. Sindano ya mita ikapanda, ikatulia. Dakika nzima haikutikisika. Chupa ya pili ikapita. Ya tatu ilipopita, mwenzangu alitaka kuikimbilia. Nikamshika mkono hadi nilipoondoa umeme uliobaki kwa fimbo ya ardhini.

Tukairudisha kontakta, nikaondoa waya wa ardhini, nikafungua kufuli, nikarudisha swichi kuu na kubonyeza kitufe. Pampu ikanguruma. Bomba likatema tope, kisha maji mazito yakaruka bondeni. Baraza zima likalipuka kwa shangwe, na meneja, ambaye hakuwa mtu wa kanisa, akavua kofia akasema, "Bwana asifiwe."

Kesho yake vibarua walishuka shimoni na sururu zao. Nilisimama ukingoni nikimshukuru Mungu kwa kila kichwa kilichopita.