Blanketi la Tapkigen

Kama wewe ni wa kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Haya sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, na pombe sijawahi kuonja maishani mwangu. Wale wanawake niliokuwa nao ndani ya ile nyumba, wengine bado wako hai. Waulize, kama watakubali kuzungumza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, huku kwetu Kericho. Nasema kwetu ingawa mimi ni Mkisii. Mume wangu aliletwa huku na kazi ya kuchuma chai tukiwa bado vijana, na watoto wangu wote wamezaliwa hapa. Kanisani tulikuwa na kikundi cha akina mama. Kazi yetu ilikuwa kukusanya vitu vya nyumbani ambavyo watu wamechoka navyo, tukavitengeneza, tukawapa wenye shida. Sufuria iliyotoboka tuliipeleka kuzibwa. Yale masanduku ya mbao ya kupakia majani ya chai, fundi wetu aliyageuza vitanda vya watoto. Pazia tuliligeuza nguo ya shule, gunia likawa godoro. Mimi nilikuwa na cherehani, kwa hivyo kila kitu cha kitambaa kiliishia kwangu. Niliipenda hiyo kazi, sitakudanganya. Nilipenda hata harufu ya sabuni siku ya kufua.

Siku moja mwenyekiti wetu alileta mzigo kutoka ng'ambo ya mto. Alisema ni vitu vya bibi kizee aliyefariki, muumini wa kanisa letu la upande ule, na hakuna aliyekuja kuvidai. Hilo lilinishangaza kidogo, maana huku mtu akifa hata kijiko chake hupata wagombea. Lakini kazi zilikuwa nyingi, sikuuliza. Ndani ya mzigo kulikuwa na blanketi zito la sufu, jekundu lenye mistari myeusi, la yale ya zamani ambayo siku hizi huyapati. Panya walikuwa wamelila upande mmoja. Nikakata sehemu iliyoharibika, nikashona pindo vizuri, likatoka blanketi safi la mtoto mchanga.

Aliyepangiwa kulipokea alikuwa Chelangat, mama mdogo wa Kikipsigis aliyekaa upande wa nyuma wa mashamba makubwa ya chai. Nyumba yao ilishika moto koroboi ilipoanguka, yeye na mumewe wakatoka na nguo walizovaa, tena akiwa mjamzito. Sasa alikuwa amejifungua. Mtoto wake wa kwanza alikufa akiwa bado ananyonya, na huyu wa pili, msichana, tulisikia amekataa titi kabisa. Kliniki walimpima wakasema hawaoni ugonjwa wowote. Yaani mama anamtazama mtoto akiisha mikononi, na hakuna dawa ya kununua. Unaijua hiyo hali? Mimi naijua, nimewahi kuzika. Ndiyo maana nilisema blanketi nitalipeleka mwenyewe.

Mvua ya Kericho unaijua, inakuja mchana ukishamaliza kuanika. Nilingoja ipungue, ikagoma, nikaondoka jioni nimelifunga blanketi kwa nailoni. Nilipofika kwenye banda la kupimia majani, pale wakulima wanapoleta chai yao ichukuliwe na lori, mvua ikazidi. Nikaingia kujikinga. Lori lilikuwa limeshapita na watu wote wameondoka. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabara siioni. Na miaka ile, mama wa Kikisii kukutwa peke yake jioni mahali kama pale, lilikuwa jambo la kuombea lisitokee. Tulikuwa tumeona mambo kwenye mapigano ya makabila.

Nilidhani niko peke yangu. Kumbe kwenye benchi la nyuma alikuwa ameketi bibi kizee, masikio yametobolewa kwa mtindo wa zamani, ndewe zinaning'inia. Akanisalimia kwa Kikipsigis, nikamjibu kwa hicho kidogo nilichojua. Nguo zake zilikuwa kavu. Nikajiambia labda ameketi pale tangu mchana. Akaniuliza nimebeba nini, nikamwambia ni blanketi la kanisa, napelekea mtoto. Akasema nifungue aone. Mbona nilimfungulia? Sijui. Kuna watu ambao wakisema, wewe unafanya tu.

Alilishika, akalipitisha mikononi polepole mpaka akafika kwenye lile pindo nililoshona. Mikono ikasimama hapo.

"Umekata hii planketi," alisema.

Nikamwambia ni panya, tena nikajikuta naomba msamaha kama mtoto aliyevunja kikombe. Akauliza mtoto ni wa nani, ni wa kike au wa kiume, ameshaitwa au bado. Mimi nikadhani anauliza ubatizo, nikasema bado.

Hapo ndipo nilipoona. Baridi ilikuwa kali, na kila nikitamka neno mvuke ulinitoka mdomoni. Yeye alikuwa anaongea karibu kabisa na uso wangu, na mdomoni mwake hakukutoka kitu. Niamini, nilitazama vizuri. Nilingoja aongee tena ili nihakikishe, na akaongea.

"Wakiita mpaka wachoke," alisema, "waambie waite Tapkigen. Mimi hakuna mtu ananiita."

Akanirudishia blanketi, akainuka, akatoka nje kwenye mvua. Hakufuata njia. Aliingia katikati ya chai. Sasa wewe kama hujaishi huku, sikiliza. Chai inayochumwa kila mara hufungana juu mpaka unaweza kutandika shuka, na matawi chini yamesukana. Sisi wachumaji tunapita kwenye mistari tuliyoachiwa, na bado tunatoka na mikwaruzo miguuni. Huyu mama alikata shamba moja kwa moja, naona kiuno kwenda juu, na hakuna jani lililotikisika. Alienda hivyo mpaka ukungu ukamchukua. Niliomba kwa sauti, nikachanganya zaburi na sala ya chakula, kisha nikakimbia.

Kwa Chelangat nilikuta nyumba imejaa wanawake. Ilikuwa ni chumba walichopewa na jirani baada ya moto. Chelangat alikuwa amekaa kwenye kigoda, mtoto magotini, macho yamemvimba. Mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Kogo, yaani nyanya, alikuwa amesimama mbele yake na kopo la ugoro mkononi.

Kwa Wakipsigis, mtoto mchanga huitiwa majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, amenusishwa ugoro kidogo, mpaka apige chafya. Akipiga chafya jina likitajwa, basi mfu huyo ndiye aliyerudi ndani yake, na wanawake hucheka kwa furaha. Hata walokole wengi walifanya, kimyakimya, mchungaji asijue. Mimi sikuyajua hayo siku hiyo. Nilielezwa pale pale na jirani, kwa kunong'ona. Aliniambia wameita tangu mchana. Wameita wa upande wa baba, wakaita wa upande wa mama, wakarudia. Mtoto hata pua hajakunja, na pumzi inazidi kuwa ndogo.

Nikampa Chelangat blanketi nikitaka kuondoka, lakini Kogo alilitupia jicho, akaniuliza limetoka wapi. Nikasema kanisani. Akaniuliza kama mwenyewe ninamjua. Ningesema nini? Nilisimulia vile nilivyokusimulia wewe, banda, benchi, mvuke, chai isiyotikisika. Nilipotaja jina, mwanamke mmoja aliyekuwa mlangoni akatoka nje na hakurudi.

Kogo aliketi chini. Alisema Tapkigen alizikwa msimu wa mvua uliopita, ng'ambo ya mto, na waliozika walikuwa watu wa kanisa tu. Hakuzaa. Mume alikufa mapema, na shemeji zake walihamia mbali wasirudi. Kwao kuna dawa ya jambo hilo tangu zamani. Mwanamke asiyezaa anaweza kuoa msichana, anatoa ng'ombe kabisa, na watoto watakaozaliwa na huyo msichana ni wa nyumba yake. Ndio watakaomzika, na ndio watakaoliita jina lake vitukuu wakizaliwa. Tapkigen alikuwa na ng'ombe, na msichana alishapatikana. Kanisa likamwambia achague, msichana au meza ya Bwana. Akachagua kanisa, ng'ombe wakauzwa kidogo kidogo, akazeeka peke yake.

Nitasema vile ninavyoona, na ukikasirika shauri yako. Tulimnyima watoto akiwa hai, na alipokufa tukagawa blanketi lake. Kanisa nalipenda na sijawahi kuliacha, lakini hilo liliniuma usiku ule na linaniuma mpaka leo.

Jirani mmoja akasema basi na aitwe. Kogo akakataa katakata. Alisema huyo si wa ukoo wao, na mtu akiitwa akaja, mtoto ni wake, si wenu tena. Alisema afadhali kuzika mtoto wenu kuliko kumlea wa watu. Wanawake wakainamisha vichwa.

Chelangat hakubishana naye. Alilichukua lile blanketi, akamfunika mtoto mpaka kidevuni, akamtazama mama mkwe wake.

"Kogo, wa ukoo wenu tumeshazika mmoja," alisema. "Huyu mimi nataka tu awe hai. Hata kama ni wa mtu mwingine."

Kisha akainama kwenye sikio la mtoto akaita, "Tapkigen, umekuja?"

Mtoto akapiga chafya. Mara moja, kubwa, mwili wote ukaruka. Hakuna mwanamke aliyecheka. Tulimwona akitafuta titi, akalipata, akanyonya kwa nguvu mpaka mama yake akauma midomo kwa maumivu, machozi yakimtoka. Nami nililia. Kogo alikusanya kopo lake la ugoro na shuka yake, akatoka bila kuaga.

Kama ingeishia hapo, ningekuwa naisimulia kanisani kama ushuhuda. Mtoto alinenepa, akawa na afya kuliko wenzake wote wa rika lake. Lakini tangu alipojua kutembea, kila jioni alielekea mtoni. Wakimfungia anajipiga kichwa mlangoni. Wakimwachilia anavuka daraja peke yake, wanamkuta amekaa kwenye boma la Tapkigen, nyumba imeshabomoka, ameketi mahali palipokuwa jikoni kama mwenye mji anayengoja wageni. Chelangat alikuwa akimfuata na kumbeba mgongoni kumrudisha, jua, mvua, kila siku. Kogo hakuwahi kumpakata. Na mtoto hakuwahi kumwita Chelangat mama. Alimwita kwa jina lake, kwa upole, jinsi mtu mzima anavyomwita msichana wa nyumbani kwake.

Siku moja Chelangat alikwenda kumchukua, asirudi. Alisema amechoka kumng'oa mtoto mahali anapopapenda. Watu wa ukoo walikaa kikao, mume akamfuata mara mbili, wakamwambia akitaka kurudi, arudi peke yake, mtoto amwache. Alikataa. Akaezeka lile jiko bovu, akalima, akapanda chai kwenye lile shamba ambalo halikuwa na mdai. Alizaa huko wengine wawili, na hakuna aliyeulizwa baba ni nani. Watoto hao ukiwauliza ni wa nani, wote hujibu kitu kimoja, kwamba wao ni wa nyumba ya Tapkigen.

Nilimtembelea mara moja nikamwuliza kama anajuta. Alikuwa anachuma chai yake, kapu mgongoni. Akasema, "Yuko hai, mama. Si ndicho nilichoomba?" Kisha yule msichana akamwita kutoka mlangoni, amletee maji ya kunawa, na Chelangat akaacha kapu akakimbia. Hapo ndipo nilipoelewa. Yule bibi kizee hakuja bandani kutafuta mtoto tu. Alikuja kuoa.

Mimi bado nashona, lakini siku hizi kitu cha marehemu hakipiti kwenye cherehani yangu kabla sijauliza. Siulizi alikufa kwa ugonjwa gani, maana ugonjwa unafuliwa kwa maji moto na sabuni. Nauliza aliacha nani. Nawe ukipewa cha kanisa, pokea, shukuru, msaada si dhambi. Lakini ukiambiwa kwamba mwenyewe alikufa bila mtu, usiharakishe kumfunika nacho mtoto wako, maana pengine mwenyewe bado anatafuta watu wa kwake.