Bi Usiguse na Sarafu ya Baba

Fundi saa yule walimwita Bi Usiguse, na jina lilimkaa. Mgeni hajavuka kizingiti, yeye keshasema, "Usiguse!" Saa zilimpa riziki, lakini moyo wake ulikuwa kwenye sarafu za kale za fedha, na kwa hizo alikuwa na ukali wa mama mkwe.

Siku hiyo kaka yake alimletea ile ya baba yao. Baba aliikwaruza alama ndogo kwa msumari, karibu na ukingo, siku alipowaaga asirudi tena. Kaka aliiweka miaka yote kwenye mfuko laini wa plastiki, akidhani anaitunza. Kumbe plastiki ilikuwa ikitoa utomvu wa kijani, nao ukaganda palepale penye alama.

"Nipe kitambaa niisugue," kaka akasema. "Macho yangu yanazimika, dada. Nataka niione kabla hayajazimika kabisa."

"Ukisugua, alama itaondoka pamoja na uchafu. Haraka haraka haina baraka, kaka'ngu. Vaa glavu, ukae."

Akafungua madirisha, akazima jiko, akamimina asetoni kwenye bakuli la kioo. Asetoni tupu, si ile ya kutolea rangi ya kucha yenye manukato na mafuta. Akaizamisha sarafu. Kaka alikaa akijiuma midomo. Bi Usiguse aliogopa kuliko yeye: utomvu ule hula fedha, na ukishakula hakuna dawa.

Ukijani ukalegea, ukaanza kuelea. Akamwaga, akamimina nyingine, akarudia tena. Mwishowe akaitoa kwa kibanio, akaiacha ikauke yenyewe, kisha akainamisha lenzi. Uso wa sarafu ulikuwa umelika, vishimo vitupu. Lakini katikati ya vishimo mkwaruzo ulikuwepo.

"Ipo?"

"Ipo! Njoo uone."

Kaka akainama kwenye lenzi. Akageuza shingo huku, akageuza kule, akasogea dirishani, akarudi.

"Siioni," akasema.

Kopo gumu la kuihifadhia lilikuwa wazi mezani, tayari. Bi Usiguse alijua vizuri jasho la kidole hufanya nini kwenye fedha iliyotoka kusafishwa. Alimshika kaka mkono, akamvua glavu, akamwekea kidole gumba juu ya alama.

"Gusa, kaka," akasema. "Nitaiosha tena."