Projekta ya Mtu wa Mashoto

Msomaji wangu, jirani yangu wa Ndera amefariki. Habari ilinifikia kwenye kundi la simu la mudugudu wetu, yaani mtaa wetu, kati ya tangazo la maji na la takataka, na niliisoma mara mbili kwa kuwa jina lake kamili sikuwa nimewahi kulitumia. Tulijuana kwenye umuganda, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambapo mtaa mzima hutoka kuchimba mitaro. Mimi ni mashoto, na siku hiyo jembe langu liligongana na lake. Alikuwa afisa mstaafu aliyekulia Tanzania, mgane, watoto wake wote wakiishi ng'ambo. Goti lilikuwa limemkataza kupanda vilima vya uwanja wa gofu, basi akaamua uwanja uje nyumbani, ndani ya gereji yake.

Nilikwenda kumtazama akiuanzisha. Unapiga mpira halisi kwenye turubai, na projekta inakuonyesha majani, miti na bendera. Fundi wake wa Kimisagara alizoea kufunga projekta makanisani, basi na hii aliiweka kwenye ukuta wa nyuma, kama ile ya kuonyesha nyimbo za kwaya. Mzee aliposimama kupiga, kivuli chake kikaimeza bendera. Wakaihamishia darini upande wa kulia, na kwake ikawa safi, maana anayepiga kwa mkono wa kulia husimama kushoto kwa mpira. Kisha akanipa fimbo. Mimi nikasimama upande wa pili, na uwanja wote ukawa kivuli changu. Nilicheka nikasema basi, mchezo huu si wangu. Yeye hakucheka sana.

Tangu siku hiyo, kila umuganda ulipokwisha aliniambia projekta inashughulikiwa, nipite nione. Nikawa na makala ya kumaliza, wageni, mafua. Niliona ni mazungumzo ya mtu aliyependa vyombo vyake, na kusema kweli nilichoka kusikia habari za lenzi. Mji wetu umejaa nyumba mpya zenye mageti mazuri, na tumejifunza kusalimiana tukiwa ndani ya magari. Nilimpungia mkono mara nyingi kuliko nilivyoketi naye.

Kwenye ikiriyo, tulipokusanyika kwake kuomboleza, niliketi karibu na yule fundi. Hakunikumbuka. Gereji ilikuwa wazi, viti vya matanga vimepangwa humo, na projekta ilikuwa imening'inia katikati kabisa, juu na karibu na turubai. Nikamwuliza kwa nini waliihamisha tena, kwani pale pembeni si ilimfaa mzee?

"Ilimfaa," alisema. "Mimi nilimwambia tuache, iko sawa. Akakataa. Akasema iko mutu mumoja wa mashoto atakuja kucheza na yeye, hataki kivuli yake imusumbue. Tukangojea lenzi ingine, ile ya kukaa karibu na turubai, mbele ya mwenye kucheza, miezi mingi. Kila Jumamosi ya umuganda ananiita nikuje kuipima."

"Na huyo mtu alikuja?"

"Sikumuona, muzee."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Nikakihamishia wa kulia. Niliona haya, msomaji wangu, na naona haya hata sasa ninapoandika. Walipoanza kupanga viti upya nilikwenda kusimama pale kwenye zulia la kijani la kupigia mpira, upande wangu wa mashoto. Fundi aliwasha projekta ili watu wapate mwanga. Majani yakatokea, miti, bendera, na hapakuwa na kivuli chochote.

Nimejifunza nikiwa nimechelewa kwamba mtu mpweke hakwambii kuwa ni mpweke. Atakuzungumzia lenzi, goti, bomba linalovuja, kisha atasema upite uone. Jirani yako akikuita hivyo baada ya umuganda, egemeza jembe ukutani kwake, nawa mikono, uingie.