Turubai la Tangi

Usiku kucha tulikaa nje ya chumba cha uzazi tukisubiri habari za binti yangu, Mabruka. Jenereta ilikuwa imezimika, na mkunga alikuwa akimzalisha kwa tochi ya simu. Mtunza mafuta wa zahanati alikaa nasi. Kila asubuhi hulibonyeza kwa kidole gumba tangi la mpira la dizeli ya jenereta, lililolala uani kama godoro, hunusa kidole, kisha hupangusa mkono pajani. "Mpako wa tangi unachunika," nilimwambia wiki iliyopita. "Vumbi tu hilo, Hajja. Kwani wewe fundi?" Vumbi la huku kwetu Fezzan, kusini mwa Libya, ni jekundu, na mimi ndiye ninayefua nguo za nyumba nzima. Ule ulikuwa unga mweupe unaonuka dizeli. Jua liliukausha mpako kwa nje, dizeli ikaulainisha kwa ndani, na kwenye mkunjo ufa ulishaonekana. Turubai la kulifunika lilikuwepo. Alikuwa amelitundika ukutani liwe kivuli chake, akikaa chini yake na birika, akimimina chai kutoka juu mpaka itoe povu. "Mpira hauumwi kichwa na jua, mimi naumwa," akasema, wenzake wakacheka. Jana usiku mkunjo ukapasuka, mchanga ukanywa dizeli yote huku yeye akihangaika kuuziba ufa kwa mikono.

Alfajiri mlango ulifunguliwa. "Mama na mtoto wazima," mkunga akasema. Mtunza mafuta ndiye aliyetangulia kuinua mikono kumshukuru Mungu, na viganja vyake vilikuwa vyeupe vyote kwa ule unga wa mpako.

"Shusha mikono hiyo," nikamwambia. "Kanawe kwanza."