Ayeeyo Dahabo na Ngamia Wake wa Eldas

Niliondoka Garissa kwa sababu timu ya utafiti kuhusu uzee ilihitaji mtaalamu wa tiba ya viungo anayejua Kisomali. Tulikuwa watatu: mimi, Daktari Mutua, na Bi Nasra, aliyechunguza jinsi familia zinavyowatunza wazee wao.

Siku ya kwanza tulipita Modogashe na Habaswein, tukalala Wajir tukiwa wekundu kwa vumbi.

Kesho yake, saa nne asubuhi, tulifika Eldas, nyumbani kwa bibi mmoja anayeitwa Ayeeyo Dahabo, yaani Bibi Dahabo kwa Kisomali. Mwanawe Abdi alitukaribisha chai ya maziwa ya ngamia. Alisema tangu mama yake aanguke mwaka jana hamruhusu kutoka nje ya ua.

Nilichora mstari mchangani, nikamwomba bibi atembee hadi hapo nikimpima muda. Aliufikia, akauvuka, akaendelea mpaka langoni.

"Ayeeyo, yatosha," nilimwambia.

"Yakutosha wewe," alinijibu kwa Kisomali. "Mimi sijafika. Ngamia wangu wako kule."

Kwa mbali kengele zao za mbao zilisikika.

Abdi alikimbia kumshika. "Daktari, mama haoni vizuri. Akianguka tena, mimi nitasema nini?"

Daktari alimchunguza macho. Ni mtoto wa jicho, akasema, na upasuaji unafanyika Wajir. Nami nikasema miguu ni imara.

"Na yeye umemuuliza anataka nini?" Bi Nasra alimuuliza Abdi.

 Abdi akamshika mama yake mkono. "Hooyo, mama yangu, twende."

Tuliwafuata polepole. Ngamia jike mmoja alimnusa bibi shingoni, naye akamwegemea, akaanza kuwaita ngamia kwa majina. Mengine, Abdi alininong'oneza, yalikuwa ya wale waliokufa kwa ukame.

Wakati wa kurudi, karibu na Habaswein, nilimkumbuka mama yangu. Alifariki nyumbani kwetu, mtaa wa Iftin mjini Garissa, nikiwa Nairobi, nikijifunza kuwasaidia wazee watembee. Kila nikipiga simu nilimuuliza: umekula? Umemeza dawa? Alinijibu ndiyo, alhamdulillahi, na mimi nikakata simu nikiwa nimeridhika.

Tulipofika Garissa, Abdi alitupigia kusema wamepewa siku ya upasuaji. Nasi tukaongeza swali moja kwenye dodoso letu: "Ungependa kwenda wapi?" Tangu hapo nimewauliza wazee wengi, na wote wana jibu. La mama yangu sitalijua.