Okanya Aita Taka, Aitika Taaka

Okanya wa Mulanda alikuwa na nguvu za kusukuma mkokoteni uliojaa maganda ya ndizi, ila sauti ndiyo hakuwa nayo. Akisalimiwa, hutazama chini. Mwaka 1964 alikuwa mzoa taka wa mji wa Tororo. Sheria ilikuwa nyepesi: kila nyumba iwe na debe lenye kifuniko, na liwekwe kando ya barabara kabla ya saa moja asubuhi. Watu wa mtaa wake waliisikia, wakaitikia vizuri, wakaendelea kumwaga maganda mtaroni.

"Ijumaa napita," Bwana Afya, mkubwa wake wa kazi, akamwambia. "Nikikuta mtaro mchafu, unarudi kuchimba vyoo. Waite watu, bwana! Mdomo ni wa ugali tu?"

Jumatatu Okanya akajikaza, akafumba macho. "Taka! Leta taka!"

Mlango mmoja ukafunguka. Akatoka mwanamke Msamia, mgeni kutoka Masinya, mikono imejaa unga.

"Nani ananiita?"

"Naita taka, mama."

"Ndiyo mimi. Taaka, binti Wabwire. Sasa sema."

Okanya akakosa pa kuficha uso. Jirani, Mama Leonida, akaangua kicheko dirishani. "Okanya! Mke unamtafuta na mkokoteni?"

Jumanne akapita kimya kama mwizi. Taaka akamzuia njiani.

"Leo mbona huniiti?"

"Naona haya. Na Ijumaa nakwenda kuchimba vyoo." Akamweleza yote.

Taaka akacheka. "Kesho ita kwa nguvu. Mengine niachie."

Jumatano Okanya akaita, "Taka!" "Beee! Nakujaaa!" Taaka akaitikia kwa madaha, akatoka na debe kichwani, akitembea kama bibi harusi. Mtaa mzima ukajaa milangoni.

"Hakuna kutazama bure!" akawaambia. "Anayetaka kuona, atoke na debe!"

Mama Leonida akawa wa kwanza kulifuata lake. Alhamisi watu waliwahi na madebe yao wasikose uhondo, na Okanya alipoita, nyumba zote zikaitika "Beee!" Hata mzee Oriokot, mwenye ndevu zake, aliitika kama msichana.

Ijumaa Bwana Afya akakuta madebe yamejipanga na mtaro safi. "Umefanyaje?"

"Niliita tu, bwana."

"Hebu ita."

"Taka!"

"Beee!" mtaa ukanguruma. Bwana Afya akacheka mpaka akashika mkokoteni asianguke.

"Kazi ni yako. Jumatatu ongeza mtaa wa pili."

"Lakini huko nani ataitika?" Okanya akauliza.

"Kwani mimi sina miguu?" akasema Taaka.