Shikamoo ya Dirishani

Mama mkubwa alikuja kwangu Singida mjini kutoka Mtinko, mguuni ana kidonda kilichoanza kunuka. Matibabu yalikuwa ya kulipia siku hizo, ila wenye miaka sitini na zaidi walisamehewa. Nilimpeleka hospitali kwa mbwembwe. Utaratibu niliujua: nilikuwa katibu wa warsha iliyouandikia mwongozo, na maneno "kwa uthibitisho wa maandishi" niliyapendekeza mimi. Walinipigia makofi, kisha tukala kuku.

Karani wa dirishani alisimama kabisa alipomwona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Una karatasi yoyote ya umri?"

Akafungua fundo la khanga, akatoa kadi ya kijiji, karatasi pekee aliyokuwa nayo duniani. Wakati wa kuhamia vijijini ulienea uvumi kwamba wazee hawatagawiwa mashamba, basi yeye na wenzake wakajipunguzia miaka mbele ya mwandikishaji. Shamba alipata. Kwa kadi hiyo sasa alikuwa na miaka hamsini na mbili, yaani mwanawe wa kwanza alimzaa akiwa na minane.

"Wewe bado, bibi," karani alisema kwa upole. "Urudi baada ya miaka minane."

"Na mguu nao usubiri?"

"Mwongozo unataka maandishi, bibi. Si mimi."

Kweli, si yeye. Nikaanza kueleza dhamira ya sera, kwa Kiswahili cha chuo kikuu. Karani akanisikiliza kwa adabu zote, halafu akafungua faili na kunisomea sentensi yangu mwenyewe, neno kwa neno. Ilisomeka vizuri sana, takataka ile.

Nikaingiza mkono mfukoni nilipe yaishe. Mama mkubwa akaniambia kwa Kinyaturu niutoe. Alikuja kama mzee, hakuja kulipiwa na mtoto.

Tulipogeuka karani alisimama tena. "Haya, shikamoo, bibi."

"Usiniamkie," alisema. "Sijafika umri huo."

Kidonda nilikiosha mimi nyumbani, kwa maji ya chumvi, kila asubuhi. Alikuwa akikunja uso bila kulalamika, na mara moja akauliza, hivi watu wanaoandika mambo kama yale hawana mama? Nikainamia beseni. Nikamwambia maji yamepoa, ngoja nikaongeze ya moto.